Marehemu Alikuwa Anasali Wapi?

Msiba ukitokea Dar es Salaam, au Moshi, au Iringa, kuna swali linaloulizwa kabla hata turubai halijasimamishwa: marehemu alikuwa anasali wapi? Huulizwa kwa sauti ya chini, na jirani mwenye nia njema, kwa sababu lina kazi ya kufanya. Jibu lake ndilo litakaloamua nani apigiwe simu, ibada iwe saa ngapi, kwaya gani ije na nani asimame kaburini. Swali la pili hulifuata kama kivuli: jumuiya gani? La tatu haliulizwi mbele ya wafiwa. Hilo huulizwa ofisini kwa mchungaji, mlango ukiwa umerudishwa: kadi yake ikoje?

Mimi ni mchungaji, na maswali hayo matatu nimeyasikia mara nyingi kuliko swali lolote la imani. Hakuna aliyewahi kunijia saa saba usiku kuniuliza kama Mungu yupo. Waliokuja usiku walikuja kuniuliza kama ndugu yao atazikwa na kanisa.

Kwa asiyeujua utaratibu wetu, kadi ni kumbukumbu ya matoleo. Msharika aliyeandikishwa ana namba yake, bahasha zake zina namba hiyo, na kila anachotoa huandikwa: sadaka ya ahadi, ujenzi, mavuno. Jumuiya ni kundi la nyumba za jirani linalokutana mara moja kwa wiki, nyumba kwa nyumba, kusoma Neno na kuombeana. Nayo ina daftari lake la mahudhurio. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na leo katika madhehebu mengi nchini, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, jumuiya ndiyo kanisa ambalo Mkristo wa kawaida anakutana nalo katikati ya wiki. Mchungaji wa usharika wenye maelfu ya watu hawezi kumjua kila mmoja. Jumuiya inamjua. Ndiyo maana, msiba unapotokea, neno la jumuiya lina uzito kuliko hata neno langu.

Swali langu ni moja. Je, ni haki kanisa kukataa kumzika mtu kwa sababu kadi yake ni tupu na jina lake halimo katika daftari la mahudhurio?

Nianze na upande wa utaratibu, kwa sababu vijana wengi huudharau haraka mno. Katika mtaa ninaouhudumia kuna mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima anayeuza mboga sokoni. Msiba ukitokea, yeye ndiye huamka wa kwanza. Anajua sufuria kubwa ziko kwa nani, nani ana majamvi, nani anaweza kukopesha mchele hadi michango ipatikane. Anakesha na mjane. Anaosha vyombo siku ya tatu, wakati wote waliolia kwa sauti kubwa wameshapanda daladala. Huyu mama ndiye mtetezi mkali kuliko wote wa daftari. Aliniambia siku moja, “Mchungaji, msiba hauzikwi na Roho Mtakatifu peke yake. Unazikwa na watu waliobeba ndoo.”

Hoja yake si ya ukatili. Anasema hivi: mtu alikuwa mzima miaka yote, anatuona tunapita na Biblia zetu, anafunga mlango. Hakuja kumwombea mgonjwa hata mmoja. Hakutoa hata mia tano ya rambirambi. Leo amekufa, ndugu zake wanakuja kutudai kama deni. Sisi ni nani kwake? Na tukimzika sawa na tunavyomzika bibi aliyekuwa anakuja jumuiya kwa mkongojo, tunamwambia nini yule bibi?

Ukitaka kuijibu hoja hii kwa kusema tu kwamba Mungu ni upendo, hujambeba yule mama hata ndoo moja. Anachokilinda ni kitu cha kweli. Katika mji ambao watu wanapanga chumba miezi sita na kuhama, jumuiya ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu asiye ndugu yako kwa damu anabanwa kukujali. Mahali kama hapo hapadumu bila masharti. Hata tanuri la kuchomea tofali lina mlinzi wake.

Lakini tukiutazama vizuri utaratibu anaoueleza, tutaona kwamba una jina, na Watanzania wote wanalijua. Ni chama cha kufa na kuzikana. Unatoa kila mwezi, ukifa, au mzazi wako akifa, wenzako wanasimama na wewe, usipotoa, usitarajie. Hakuna ubaya wowote katika chama cha namna hiyo. Ni moja ya mambo ya busara ambayo watu maskini wameyabuni popote duniani.

Na ni jambo la kale kuliko kanisa lenyewe hapa kwetu. Katika mji wa Lanuvium, karibu na Roma, ulipatikana mwandiko wa kuchongwa kwenye jiwe wa mwaka 136 wenye katiba ya chama cha kuzikana. Wanachama wake walikuwa watu wa chini, watumwa wakiwemo. Kiingilio kilikuwa sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri. Kila mwezi mwanachama alitoa senti chache za shaba. Akifa hali amelipa, chama kilitoa sesterti 300 kwa mazishi yake. Akifa hali ameacha kulipa kwa miezi mfululizo, hakuwa na haki ya kudai chochote. Aliyejiua hakuhudumiwa kabisa. Chama kilikuwa chini ya mungu wa kike Diana. Badili jina la mungu, badili sesterti kuwa shilingi, na mzee wa kanisa yeyote wa leo angeisoma katiba ile akitikisa kichwa kukubali.

Sasa tuweke kando yake kitu kingine, kilichoandikwa miaka 60 hivi baadaye, tena barani Afrika. Tertuliano wa Karthago, mwanasheria kwa namna yake ya kufikiri na mkali kwa tabia, aliandika utetezi wa Wakristo mbele ya watawala wa Kirumi karibu na mwaka 197. Anaeleza kwamba Wakristo nao wana mfuko. Mara moja kwa mwezi, au siku apendayo mtu, kila mmoja huweka kidogo, akitaka na akiweza, halazimishwi yeyote. Kisha anaorodhesha fedha hizo zinakwenda wapi: kuwalisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima, watumwa waliozeeka, waliovunjikiwa merikebu, waliofungwa migodini kwa ajili ya imani.

Ona kwamba mazishi yamo katika hesabu zote mbili. Wakristo wa Karthago hawakudharau fedha wala utaratibu. Walikuwa na mfuko, na bila shaka palikuwa na mtu aliyejua kilichomo. Tofauti ni moja tu, lakini inageuza kila kitu. Kule Lanuvium mtu alitoa ili azikwe yeye. Kule Karthago mtu alitoa ili azikwe mwingine ambaye hakuwa na cha kutoa. Miaka zaidi ya 150 baadaye, Julian, kaisari aliyetaka kurudisha ibada za miungu ya kale, alilalamika kwa kuhani wake mmoja kwamba miongoni mwa mambo yaliyoikuza dini ya Wakristo ni jinsi walivyowatendea wageni na jinsi walivyowatunza wafu. Adui alikuwa ameliona jambo hilo. Hakusema walikuwa na kadi nzuri.

Sisi wa makanisa ya Matengenezo tuna sababu nyingine ya kuona haya. Kila Oktoba 31 tunakumbuka hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517, tunavaa vitenge vya sikukuu, tunaimba. Tunakumbuka ujasiri wake na kusahau ugomvi ulihusu nini. Ulihusu fedha na wafu. Mhubiri Johann Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiuza vyeti vya msamaha, na watu walinunua kwa ajili yao wenyewe na kwa ajili ya ndugu zao waliokwisha kufa. Sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Luther alifundisha kwamba anayempita maskini ili akanunue cheti hajajipatia msamaha, amejipatia hasira ya Mungu. Kanisa lililozaliwa katika ugomvi huo likisimama leo mlangoni pa mfiwa na kuuliza stakabadhi za ujenzi, limesahau linakotoka.

Na tusijifariji kwamba hayo ni mambo ya Wakatoliki wa zamani. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataja wazi nani anaweza kunyimwa mazishi ya kanisa: walioikana imani hadharani, wazushi, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini, nao ni kama hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa. Sheria ya awali, ya mwaka 1917, iliwataja pia waliojiua kwa makusudi. Ile mpya iliwaondoa. Asiyelipa zaka hayumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo utaratibu tunaoutetea mitaani haukutoka Roma, wala Wittenberg. Tumeutunga wenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu ulikuwa na manufaa.

Hata hivyo, tuseme kwamba daftari ni halali kutumika. Bado kuna swali la mtu mwaminifu: linapima nini?

Kijana mmoja wa mtaa wetu, mwenye miaka ishirini na kitu, alikuwa mlinzi katika ghala. Aliingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, na siku ya mapumziko haikuwa yake kuichagua. Jumuiya ya eneo lake hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, ili watu wawahi shughuli zao. Alipokuwa anapanda daladala ya kwanza kurudi, wenzake walikuwa wanafunga kwa sala. Hakuandikishwa usharikani kwetu kwa sababu hakuwa ameleta barua kutoka usharika wa nyumbani. Aligongwa na gari asubuhi moja akivuka barabara, akiwa bado amevaa sare ya kazi.

Mama yake alifika kutoka kijijini kwa basi, na kaka wa marehemu akaja naye ofisini. Mzee wa kanisa alikuwapo, na mwenyekiti wa jumuiya alikuwapo. Baada ya pole na maji ya kunywa, swali likaulizwa kwa upole, kama linavyoulizwa siku zote: je, kijana alikuwa na namba ya bahasha?

Yule mama hakulielewa swali mara moja. Alipolielewa, akafungua mkoba na kutoa kadi yake mwenyewe, ya kijijini. “Hii hapa,” alisema. “Kila mwisho wa mwezi alikuwa anatuma kwenye simu. Alikuwa anasema, mama, elfu tano ni ya kanisani. Mimi naweka kwenye bahasha yangu. Nilikuwa sina namba nyingine ya kuweka.”

Sikumbuki kama kuna mtu aliyesema neno kwa muda. Mzee wa kanisa aliichukua ile kadi na kuitazama. Ilikuwa imejaa. Miezi yote ilikuwa na alama, kwa jina la mjane asiye na kipato kinachojulikana.

Najua mfano huu unaweza kuonekana rahisi mno, kwa sababu kijana aligeuka kuwa mtoaji mzuri, na hivyo akastahili kwa kipimo kilekile. Si hapo ninapoukazia. Ninachokazia ni kwamba daftari halikumwona. Daftari la Jumamosi alfajiri linawaona wenye Jumamosi alfajiri. Linawaona wenye nyumba zao, wanaoweza kusema wiki ijayo tukutane kwangu. Halimwoni mlinzi wa usiku, mhudumu wa baa, binti wa kazi za ndani ambaye ruhusa ya kutoka iko mikononi mwa mwajiri, mpangaji anayehama kila kodi inapopanda. Tunadhani tunapima bidii ya kiroho. Mara nyingi tunapima ni nani anayeimiliki saa yake.

Na kuna tajiri. Mwenye cheo au mali akifa, hatukuwahi kumwona Jumamosi hata moja, lakini magari yanajaa, wachungaji wanakuwa sita madhabahuni, na kadi haiulizwi. Tunasema alikuwa na majukumu mengi. Mlinzi naye alikuwa na majukumu. Yake tu hayakuwa na dereva. Kanuni inayolegea kwa mwenye nguvu na kukaza kwa asiye nayo haiwezi kuitwa nidhamu ya kanisa, hata tukiiandika kwenye katiba kwa herufi kubwa.

Tulimzika yule kijana. Siku ile mwenyekiti wa jumuiya alinifuata nje, akasimama karibu na mti wa mwarobaini, akaniambia jambo ambalo nimelitafakari tangu hapo. “Mimi nitakwenda kupika,” alisema. “Yule mama ni mama kama mimi. Lakini ujue, Mchungaji, unaniachia kazi. Kesho nitawaeleza nini hawa wanaokuja kila Jumamosi? Wanakuja kwa ajili ya nini, kama asiyekuja naye anazikwa vilevile?”

Hilo ndilo swali la ufuasi, na halikutoka chuo cha theolojia. Limetoka kwa mtu aliyebeba ndoo.

Yesu alilikuta. Katika mfano wa shamba la mizabibu, mwenye shamba anaajiri vibarua asubuhi, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati: saa za Biblia ndizo saa zetu. Hatuhitaji kuelezwa kwamba saa kumi na moja ni jioni, jua limelegea, na kibarua aliyesimama hadi muda huo bila kupata kazi anafikiria atarudije nyumbani mikono mitupu. Wanapoulizwa kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, hawasemi walikuwa wavivu. Wanasema hakuna aliyetuajiri. Kisha wote wanalipwa dinari moja, na waliofanya kazi tangu asubuhi wananung'unika.

Ukilisikiliza nung'uniko lao vizuri, hawasemi wamepunjwa. Dinari yao wameipata. Kinachowauma ni kwamba wengine wamefanywa sawa nao. Maana yake ni kwamba, bila wenyewe kujua, walikuwa wameanza kuihesabu kazi ya shambani kama adhabu, ambayo mwingine ameiepuka kwa ujanja. Ndilo jambo linalonisumbua kuhusu swali la mama yule. Kama tunakwenda jumuiya ili tuzikwe, basi kila Jumamosi ni malipo ya bima, na asiyelipa akihudumiwa tumeibiwa. Lakini kama kule jumuiya tunapata kitu, kama mgonjwa anaombewa na kweli anatiwa nguvu, kama mjane anapata wa kukesha naye, kama Neno linatufundisha kusamehe mtu ambaye bado tunaishi naye ukuta kwa ukuta, basi asiyekuja hajatuzidi ujanja. Amekosa. Ni wa kuhurumiwa, si wa kuonewa wivu.

Nilimjibu hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akasema, “Hayo ni kweli. Lakini ndoo bado ni nzito.” Ni kweli. Sikuwa na la kuongeza.

Labda utauliza, je, basi kanisa lisiwe na nidhamu kabisa? Liwe nayo. Injili ya Mathayo inaeleza hatua za kumwonya ndugu aliyekosea: nenda kwake peke yako, asiposikia, chukua mmoja au wawili, asiposikia, liambie kanisa. Ukizisoma hatua zile, utaona kila moja inahitaji mtu aliye hai. Hakuna hata moja inayoweza kufanyika juu ya jeneza. Nidhamu ina shabaha ya kumrudisha mtu, na maiti harudi. Tunapomnyima marehemu mazishi, yeye hasikii lolote. Na sisi Waprotestanti tunafundisha wenyewe kwamba ibada ya mazishi haibadilishi hukumu yake mbele za Mungu. Adhabu inamshukia nani basi? Inamshukia mama aliyekaa kwenye jamvi, ambaye kadi yake imejaa.

Wala kumzika mtu si kumtangaza mtakatifu. Mchungaji halazimiki kusema uongo kaburini. Anaweza kusema kwa ukweli kwamba hatukumjua vya kutosha, kwamba hatukumwona katikati yetu, na kwamba tunamkabidhi kwa Mungu anayemjua. Watu wanaielewa lugha hiyo. Wanaiheshimu kuliko wasifu uliopakwa mafuta. Na aliyesema waziwazi maishani mwake kwamba hataki kanisa, tumheshimu pia kwa kutomburuta madhabahuni baada ya kunyamaza. Hapo kinachoamua ni neno lake mwenyewe. Kadi haihusiki.

Hapa ndipo nilipofika, na nakiri si mwisho wa mjadala: shida yetu si daftari, ni siku tunayolifungua. Daftari likifunguliwa mtu akiwa hai, ni chombo cha mchungaji. Linasema, fulani hajaonekana wiki sita, ana nini? Amefukuzwa kazi? Amepata ukimwi na anaona haya? Amebadilishiwa zamu? Amegombana na mzee wa kanisa? Amepoteza imani na hana wa kumwambia? Likifunguliwa mtu akiwa amekufa, maandishi yaleyale yanageuka hati ya mashtaka, na mshtakiwa hana mdomo. Angekuwa nao, angeweza kutuuliza swali letu wenyewe: mimi sikuja kwenu wiki sita, ninyi mlikuja kwangu lini?

Kila tukisoma mazishi ya Bwana wetu mwenyewe, ingefaa tukumbuke nani aliyafanya. Wanafunzi waliokuwa kwenye daftari, wale Kumi na Wawili waliohudhuria kila siku kwa miaka mitatu, hawatajwi pale. Mwili uliombwa kwa Pilato na Yusufu wa Arimathaya, ambaye Yohana anasema alikuwa mwanafunzi kwa siri, kwa kuogopa watu. Nikodemo, aliyekuja mara ya kwanza usiku ili asionekane, ndiye aliyeleta manemane na udi, ratili mia. Kwa hesabu zetu, wote wawili kadi zao zilikuwa tupu. Wanawake waliotoka Galilaya walifuata na kuliangalia kaburi. Kanisa letu lote limesimama juu ya mazishi yaliyofanywa na watu ambao jumuiya isingewatambua.

Lakini hadithi hiyo ina makali mawili, na ninyi vijana mnaosoma haya kwenye simu msikimbie makali ya pili. Yusufu hakubaki msiri. Siku ilipofika alitoka, akaenda kwa mtawala, akajulikana. Nikodemo alibeba mzigo mzito machoni pa watu. Wengi wenu mnaniambia mnampenda Yesu ila kanisa linawachosha: michango, vikao, kelele za vipaza sauti, wazee wasiosikia. Mengi mnayoyasema ni kweli. Lakini siku baba yako atakapofariki, hutataka mahubiri mazuri ya mtandaoni. Utataka mtu anayejua sufuria kubwa ziko kwa nani. Mtu huyo hatokei hewani. Ametengenezwa na Jumamosi nyingi zisizo na msisimko wowote. Kulidai kanisa liwe na neema huku hutaki kuwa mmoja wa wanaoigharimia ni kumwachia mama muuza mboga abebe ndoo zenu wote. Neema haiuzwi, ila kuna anayeibeba.

Kwa hiyo katika mtaa wetu tumejaribu jambo dogo. Jumuiya mbili zimehamishia vipindi vyake Jumapili jioni, kwa ajili ya wanaofanya kazi usiku. Wazee wengine hawakupenda, kwa sababu jioni kuna giza na mbu. Na katika daftari la mahudhurio, pembeni ya safu ya waliohudhuria na wasiohudhuria, tumechora safu ya tatu kwa rula na kalamu ya wino. Haiulizi kwa nini mtu hakuja. Inaandikwa jina la aliyekwenda kumwona.

Wiki nyingine safu hiyo inabaki nyeupe kuanzia juu hadi chini. Mwenyekiti huniletea daftari likiwa hivyohivyo, hanifichi, ananionyesha kwa kidole. Tunahesabu pamoja nafasi zilizo wazi, kisha tunagawana majina: yeye matatu, mimi matatu.